Barazani kwa Bibi Karani: Huyo Chaskalson ni nani?

Toleo lililopita msomaji wa Kigamboni aliuliza kama ni kweli Tanzania bado ina adhabu ya kunyongwa. Nilimjibu kwamba ipo katika sheria, na kwamba wenzetu wa Afrika Kusini waliifuta mwaka 1995 kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Arthur Chaskalson. Nilimtaja kwa mstari mmoja tu. Mstari ule umeniletea barua na ujumbe wa simu mwingi kuliko yote niliyoandika mwaka huu kuhusu talaka. Basi leo namweka yeye peke yake barazani. Wale wa mirathi, na yule baba wa kiwanja cha Chanika, mnivumilie hadi toleo lijalo.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama hapa Dar es Salaam kwa miaka 31. Sikuwa wakili wala hakimu. Ninayoyajua niliyajua nikiwa nimesimama kati ya kizimba na meza ya jaji.

Shikamoo Bibi. Mimi nasoma sheria, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu alisema Chaskalson alikuwa Myahudi na ndiye aliyemtetea Mandela. Wenzangu bwenini wanabisha, wanasema mzungu wa kule, tena Myahudi, hawezi kuwatetea Waafrika bure, lazima alikuwa na lake jambo. Naomba unieleze alikuwa nani hasa. (Mwanafunzi, Ubungo)

Marahaba mjukuu wangu. Mhadhiri wako yuko sahihi, ila Mandela hakutetewa na mtu mmoja, na hilo nitalifikia.

Arthur Chaskalson alizaliwa Johannesburg tarehe 24 Novemba 1931, katika familia ya Kiyahudi. Wayahudi wengi wa Afrika Kusini asili yao ni Lithuania. Babu na bibi zao walikimbia umaskini na manyanyaso chini ya mfalme wa Urusi, wakapanda meli wakaja kuanza upya kusini mwa Afrika. Yeye alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akamaliza shahada ya biashara mwaka 1952 na ya sheria mwaka 1954. Alikuwa mchezaji mpira mzuri, hata akachaguliwa kwenye timu ya pamoja ya vyuo vikuu vya nchi yao. Mwaka 1956 akaandikishwa uwakili hukohuko Johannesburg.

Sasa twende mwaka 1963. Tarehe 11 Julai polisi walivamia shamba la Liliesleaf, eneo la Rivonia, wakawakamata viongozi wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ANC. Mandela hakukamatwa siku ile kwa sababu alikuwa tayari gerezani, akitumikia miaka mitano. Moja ya makosa yaliyomfunga ni kutoka nje ya nchi bila pasipoti. Safari ile aliyofungwa kwayo ndiyo iliyompitisha hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa 1962 akaonana na Mwalimu Nyerere. Akatolewa gerezani akaunganishwa na wale wa Liliesleaf, wakashtakiwa pamoja kwa hujuma, na hiyo ndiyo kesi ya Rivonia. Kwa hiyo unapoisoma usidhani unasoma habari za mbali. Miguu ya mshtakiwa namba moja ilikuwa imeshakanyaga udongo wetu.

Utetezi uliongozwa na Bram Fischer, Kaburu wa ukoo mkubwa kabisa. Alikuwapo Vernon Berrangé, bingwa wa kuhoji mashahidi. Alikuwapo George Bizos, aliyezaliwa Ugiriki akaja Afrika Kusini mtoto, mkimbizi wa vita. Aliyekusanya kazi yote na kuonana na familia ni Joel Joffe, Myahudi mwenzake Chaskalson, ambaye alikuwa amekwisha kujiandaa kuhamia Australia, akaahirisha safari. Chaskalson mwenyewe alikuwa na miaka 31. Alikuwa wakili wa kesi za biashara anayeanza kujulikana, na kila mtu mjini alijua kwamba ukimtetea Mandela unaandikwa kwenye daftari la polisi.

Kazi yake ndani ya kesi haikuwa ya kupaza sauti. Watu wanakumbuka hotuba ya Mandela ya tarehe 20 Aprili 1964, na wana haki ya kuikumbuka. Lakini mtu akishasema mbele ya jaji kwamba yuko tayari kufa, lazima awepo mwingine wa kuhakikisha kwamba hafi. Upande wa mashtaka ulidai kwamba washtakiwa walishaamua kuanzisha vita vya msituni na kuleta majeshi ya nje. Chaskalson alisimama wakati wa majumuisho na karatasi zake, akapita ushahidi hoja moja baada ya nyingine: hili limethibitishwa, hili halikuthibitishwa, tukio hili la hujuma hakuna shahidi anayelifunga na washtakiwa hawa. Alikuwa bado anazungumza pale Jaji Quartus de Wet alipokubali kwamba vikundi vingine navyo vilifanya hujuma. Na katika majumuisho hayohayo jaji akakubali kwamba uamuzi wa kuanza vita vya msituni haukuthibitishwa. Mjukuu wangu, mimi nimekaa kwenye kesi za mauaji. Jaji akikubali jambo kama hilo kabla wakili hajakaa, chumba kizima unakisikia kinashusha pumzi. Tarehe 12 Juni 1964 wanane wakapewa kifungo cha maisha. Wakaishi.

Nimefika kwenye Uyahudi wake. Waulize wenzako wa bwenini kama wanamjua mwendesha mashtaka wa kesi ile. Aliitwa Percy Yutar, na yeye ni Myahudi. Yule aliyesimama kuwashitaki akina Mandela na yule aliyesimama kuwatetea wote wametoka kwenye jamii moja ndogo, pengine walipeana mikono kwenye sikukuu zilezile. Na kizimbani pamoja na Mandela walikuwamo Denis Goldberg na Lionel Bernstein, Wayahudi pia. Goldberg akafungwa maisha, Bernstein akaachiwa. Kwa hiyo ukisema "Myahudi hawezi", na ukisema "Wayahudi ndio walivyo", yote mawili kesi hii moja inayakataa. Chaskalson alikuwa mtoto wa miaka 13 vita vya Ulaya vilipokwisha na dunia ikajua kwamba Wayahudi milioni 6 wameuawa. Yutar naye aliyajua hayo, tena akiwa mtu mzima. Kila mmoja akachukua meza yake.

Bibi Karani, heshima yako. Mimi ni dereva mstaafu wa malori, nimesafiri hadi Durban. Nataka kujua hivi: baada ya Mandela kufungwa, huyo wakili aliendelea na siasa au alirudi kutafuta hela? Maana mawakili ninaowajua mimi, hata kukusalimu wanahesabu dakika. (Baba wa Temeke Mikoroshini)

Baba yangu, shikamoo. Alirudi kwenye uwakili wake, na akafanikiwa sana. Mwaka 1971 akapewa hadhi ya wakili mwandamizi, cheo ambacho kule kinamaanisha ada kubwa na kesi za kuchagua. Kisha mwaka 1978 akayaacha yote hayo akashiriki kuanzisha Legal Resources Centre, kituo cha mawakili wa kulipwa mshahara wasiotoza wateja. Alikiongoza tangu mwaka huo hadi 1993. Miaka 15 katikati ya umri wake wa kuchuma.

Kesi za kituo kile ndizo ninazozipenda kuliko zote. Nitakueleza mbili, na wewe uliyepita barabara za kule utazielewa haraka.

Chini ya makaburu, Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali. Alitembea na kipande, na kila kitu kilikuwa ndani ya kipande kile: mwajiri, mtaa, mihuri. Sheria ilitoa mianya michache. Uwe umezaliwa mjini. Au uwe umefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo. Au uwe umekaa mjini kihalali miaka 15. Ukiipata haki hiyo, sheria ilisema mkeo na watoto wako nao wanaweza kukaa nawe. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Ofisi za kutoa vibali zikatunga kanuni zao juu yake: hata kama mumeo ana haki, wewe mke lazima uwe na kibali cha kupanga nyumba, na kibali hicho hatukupi.

Bwana Komani wa Guguletu, Cape Town, alikuwa na haki ya kukaa mjini. Mkewe alitaka kukaa na mumewe. Ni hilo tu. Kesi ikapanda hadi mahakama ya rufani, na mwaka 1980 majaji wakasema kanuni ya ofisini haiwezi kumnyang'anya mtu kilichotolewa na sheria ya bunge. Chaskalson hakuwaomba majaji wa makaburu wauchukie ubaguzi. Aliwawekea mezani sheria yao wenyewe, akawaomba waisome kama ilivyoandikwa.

Ya pili ni ya Bwana Rikhoto wa Germiston. Huyu alifanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka zaidi ya 10. Lakini kila mwaka mkataba wake ulikwisha, akaenda likizo kwao, akarudi na mkataba mpya. Ofisi ikamwambia: huna miaka 10 mfululizo, wewe una mwaka mmoja mara 10. Baba, tulia kidogo uitazame hesabu hiyo. Mtu mmoja, mashine ileile, mwajiri yuleyule, na kila Desemba wanakurudisha kwenye sifuri. Mwaka 1983 mahakama ya rufani ikasema miaka ile ni mfululizo, na likizo haivunji kitu. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walikuwa kwenye hali hiyohiyo, wakapata mlango kwa hukumu ya mtu mmoja. Mwaka 1986 mfumo mzima wa vipande ukafutwa.

Mwaka huohuo wa 1983 hapa kwetu palikuwa na kampeni ya Nguvu Kazi. Nilikuwa binti mdogo kazini, nakumbuka vijana wakipandishwa malori kwa kukosa kitambulisho cha kazi, warudi shamba. Siufananishi na ukaburu, kwetu rangi haikuwa hoja na nia ilikuwa nyingine. Lakini niliwaona wake zao wamesimama na mabakuli ya chakula, hawajui lori limeelekea wapi, na hapakuwa na wakili hata mmoja wa kuwaambia waende dirisha gani.

Siku hizi tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na wasaidizi wa kisheria wapo hadi kwenye kata. Mwenye shida asikae nyumbani kwa kuogopa ada.

Bibi, nimesoma jibu lako la toleo lililopita na limeniumiza. Mdogo wangu wa kiume aliuawa kwa panga usiku akitoka kazini. Waliomuua walikamatwa. Wewe unamsifu jaji aliyewaokoa wauaji wasinyongwe. Nani aliyemwokoa mdogo wangu? (Dada wa Tandika)

Pole sana mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Huna deni la kukubaliana nami, na nisingependa unisome kama nakusuta.

Nitakueleza alichosema yule jaji, kisha nitakueleza kilichonipata mimi, halafu uamue.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifunguliwa tarehe 14 Februari 1995. Mandela, sasa Rais, ndiye aliyeifungua, na alisema wazi kwamba mara ya mwisho kusimama mahakamani alikuwa akisubiri kusikia kama atahukumiwa kufa. Aliyekuwa amekaa kiti cha mkuu wa mahakama ile, kwa uteuzi wake Mandela, ni Chaskalson. Kesho yake ikaanza kesi ya kwanza: washtakiwa wawili, Makwanyane na Mchunu, waliotiwa hatiani kwa mauaji katika tukio la ujambazi. Hawakuwa wapigania uhuru. Walikuwa watu wa aina ile waliomuua mdogo wako.

Tarehe 6 Juni 1995 majaji wote 11 walikubaliana kwamba adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji inavunja Katiba. Chaskalson aliandika hukumu kuu. Alikiri kwamba raia wengi huenda wanaitaka adhabu hiyo. Alisema kama maoni ya wengi ndiyo yanayoamua, basi hakuna haja ya kuwa na Katiba wala mahakama ya kuilinda. Alisema ujambazi unazuiwa na uhakika kwamba mhalifu atakamatwa, atahukumiwa na kuadhibiwa, na kwamba hapo ndipo nchi yao ilipokuwa inashindwa. Akaandika pia kwamba tusipokuwa tayari kumlinda mbaya kuliko wote na mnyonge kuliko wote kati yetu, hakuna mwenye uhakika wa haki zake.

Kisha kuna sehemu ambayo watu hawaitaji, nami ndiyo iliyonishika. Alieleza jinsi mtu anavyofika kwenye kitanzi. Anaanzia kwa polisi wanaopeleleza vizuri au vibaya. Anapewa wakili na mahakama, kwa sababu yeye ni maskini, na mara nyingi wakili huyo ni kijana asiye na uzoefu, wa rangi nyingine, asiyejua lugha ya mteja wake. Wanaongea kupitia mkalimani. Hiyo ndiyo njia, na mwisho wake ni kamba. Niliposoma neno "mkalimani" kwenye hukumu ya jaji mkubwa namna ile nilishtuka, kwa kuwa alikuwa ananiandika mimi.

Mwanangu, sasa ni yangu. Miaka mingi iliyopita nilipewa kutafsiri maelezo ya onyo ya kijana mmoja mvuvi. Walikuwa wamegombana na mwenzake kwa ajili ya wavu, akamkata, mwenzake akafa. Maelezo polisi waliyaandika kwa Kiswahili, na jalada la Mahakama Kuu wakati ule lilikwenda kwa Kiingereza. Kwenye mstari mmoja kijana alisema: "Nilitaka kumkomesha." Mimi na wewe tunajua kukomesha. Mama anamkomesha mtoto mtundu. Jirani anamkomesha jirani anayemwaga maji machafu njiani. Nilikuwa na majalada saba mezani, saa kumi imefika, na neno la Kiingereza nililoandika lilikuwa na maana ya kummaliza. Nikapiga chapa, nikagonga muhuri, nikaenda zangu kupanda basi.

Kesi ya mauaji inasimama juu ya nia. Kumkomesha mtu si kukusudia kumuua. Kummaliza ni kumuua. Mwendesha mashtaka alisoma tafsiri yangu. Wakili wa kupewa, kijana mpole sana, naye alisoma tafsiri yangu, hakuurudia ule ukurasa wa Kiswahili. Mshtakiwa hakujua Kiingereza, alikuwa amekaa kizimbani anatazama dirishani wakati mstari ule unasomwa.

Nilikumbuka usiku. Nilikuwa nafua sare za mwanangu, naye ndani anamgombeza mdogo wake, "Nitakukomesha wewe!" Mikono ikasimama ndani ya beseni. Sikulala. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msajili kabla hajafika, nikamwonyesha karatasi zote mbili. Jaji akaamuru isahihishwe, akaandika kwenye kumbukumbu kwamba imesahihishwa. Hukumu ilikuja kuwa kuua bila kukusudia. Sisemi ni kwa sababu ya neno langu tu, kulikuwa na ushahidi mwingine. Ninachojua ni kwamba kama mwanangu asingempigia mdogo wake kelele jioni ile, neno lile lingekaa palepale, na sheria yetu kwa kosa la mauaji haimpi jaji nafasi ya kuchagua. Akitiwa hatiani, ni kunyongwa.

Na sisi tulikuwa tumelijadili jambo hili kabla ya Afrika Kusini. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba ya Tanzania. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikasema ni kweli adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, ila Katiba yetu inairuhusu kwa maslahi ya umma, na jamii ndiyo ya kuamua. Siku 16 baadaye Chaskalson akaanza kusikiliza kesi yake. Hukumu yetu aliisoma, akaitaja ndani ya yake, akaeleza kwa nini yeye anachukua njia nyingine: Katiba yao inaitaka serikali ithibitishe kwamba kuua kunahitajika. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini kwetu, lakini sheria haijafutwa, na watu wanaendelea kuhukumiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo bila kuangalia mazingira kunavunja haki ya kuishi.

Mdogo wako hakuokolewa na mtu, mwanangu. Nakubali, na hukumu ya Chaskalson haina jibu la hilo. Wale wawili wa Afrika Kusini hawakuachiwa waende nyumbani. Kilichoondolewa ni kamba, kifungo kikabaki. Ukitaka kuja kuzungumza kuhusu kesi ya mdogo wako ilipofikia, wasiliana na ofisi ya gazeti, watanipa ujumbe. Nitakusaidia kulifuatilia jalada.

Bibi, mimi ni muuguzi. Je, jaji huyo kila mara aliwapa haki wanyonge? Au na yeye kuna siku aliwaangusha? (Muuguzi, Mwananyamala)

Swali zuri, na jibu lake lina uchungu. Mwaka 1997 alikuja mbele yake Bwana Soobramoney wa Durban, miaka 41, hana kazi, figo zimekufa, ana kisukari na moyo mbovu. Hospitali ya serikali ilikuwa na mashine chache za kusafisha damu, ikamkataa kwa kuwa haponi, mashine zinabakizwa kwa wanaoweza kupandikizwa figo. Alikwenda mahakamani kudai haki ya kuishi. Chaskalson aliandika hukumu ya kumkatalia: Katiba inaahidi huduma ya afya kwa kadiri ya uwezo uliopo, na haki ya matibabu ya dharura haihusu ugonjwa sugu wa kila siku. Bwana yule akafariki siku chache baadaye.

Nimeisoma ile hukumu nikitafuta ubaridi ndani yake, sikuuona. Ameandika kama mtu anayejua kwamba atakayemkataa leo atazikwa wiki ijayo. Lakini moyo wangu haujakubali. Wewe unayewaona wagonjwa wa figo wakihesabu senti kila wiki utaniambia kama nakosea. Miaka mitano baadaye, mwaka 2002, mahakama hiyohiyo akiwa bado ndiye mkuu wake iliiamuru serikali itoe dawa ya nevirapine kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI ili watoto wasiambukizwe. Huko walikuwa na dawa, na serikali ilikuwa inasita tu. Tofauti ya kesi mbili ni hiyo.

Shikamoo Bibi. Nasoma darasa la saba. Baba amesema mahakama ya huyo jaji imejengwa kwa matofali ya jela. Ni kweli? Na bado yuko hai? (Mwanafunzi, Kijitonyama)

Marahaba mjukuu wangu, hujambo. Hayuko hai. Alistaafu mwaka 2005 akiwa Jaji Mkuu wa nchi yake, akafariki tarehe 1 Desemba 2012, umri miaka 81, kwa saratani ya damu, akamwacha mkewe Lorraine na wana wawili. Alizikwa Johannesburg kwa desturi ya Kiyahudi. Kwao, kama kwa Waislamu, maiti hakawizwi na mazishi hayana mapambo. Taifa zima likamsindikiza.

Na ya matofali ni kweli. Paliitwa Old Fort, gereza la Johannesburg. Mandela aliwahi kuwekwa pale, na Gandhi kabla yake. Majaji walipotafuta mahali pa kujenga wakachagua pale. Jengo la mahabusu likabomolewa, ngazi zake nne zikaachwa zimesimama, na matofali yake yakajengewa ukuta wa ukumbi wa mahakama mpya, iliyofunguliwa tarehe 21 Machi 2004. Nembo yao ni watu waliokusanyika chini ya mti, kama wazee wetu wanavyoamua shauri chini ya mwembe.

Mpwa wangu alikwenda kule kikazi akaniletea picha. Nyuma ya viti vya majaji kuna dirisha refu jembamba, usawa wa ardhi ya nje. Waliokaa ndani hawaoni nyuso za wapita njia. Wanaona miguu: viatu vya ngozi, ndala, raba zilizochanika, mtoto anayekimbia. Kesi inasikilizwa, na miguu inapita.